Mwanamke Aliyeshika Baiskeli

Mastura Rahimu wa Makorora alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka mingi hakuna aliyemjua kwa jingine. Ukitaka gauni la harusi lenye mkia wa kufagia ukumbi mzima, ulikwenda kwa Mastura. Ukitaka mapazia ya marinda ambayo mama mkwe akija atayashika, atayageuza na kukosa la kusema, ulikwenda kwa Mastura. Alishonea barazani, cherehani yake imeelekea njiani makusudi, maana alipenda kuona nani kapita na nani, na kapita kavaa nini. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi chake, msema kweli ambaye hakugombana na watu kwa kuwa kweli zake alizisema akiwa na pini mdomoni, na nusu yake haikusikika.

Mumewe aliitwa Msafiri. Alikuwa amestaafu kazi ya bandarini, na licha ya jina lake hakupenda safari yoyote iliyoupita msikiti wa mtaa wa pili. Watoto wao walikwisha oa na kuolewa, nyumba ilikuwa kimya. Mastura, ambaye tangu utotoni alimaliza vitabu vya hadithi kama wenzake wanavyomaliza ubuyu, alizoea kujisimulia mambo huku anashona. Mteja akiondoka, yeye humtungia maisha: huyu ana mume wa siri Lushoto, yule analishonesha gauni hili ili amkomoe dada yake. Lakini hakuandika chochote. Aliona kuandika ni kazi ya watu wenye meza.

Kilichombadilisha ni mapazia. Watu fulani waliandaa maonyesho ya picha za zamani za mji wa Tanga katika ukumbi mmoja karibu na bandari, na jua la asubuhi likawa linaingia madirishani na kuzichoma picha. Wakamwita Mastura awashonee mapazia meusi. Alipokwisha kuyatundika, akazunguka ukumbini kutazama. Aliwaona magavana, mabwana wa mashamba ya mkonge, mashehe, mapadri, wachezaji mpira wenye kaptula zilizofika magotini, na mbwa wa Mjerumani mmoja. Mbwa yule alikuwa na jina, na jina lake liliandikwa chini ya picha.

Kisha akafika kwenye picha ya mwaka wa hamsini na nane. Wazee wa mji walikuwa wamesimama mbele ya ofisi ya serikali, wote wamekunja uso kama watu waliokatazwa kupumua. Pembeni kabisa, nusura akatwe na fremu, alisimama mwanamke kijana ndani ya buibui, uso wazi, ameshika baiskeli kwa mikono miwili, anacheka. Si kutabasamu, alikuwa anacheka hasa, meno yote nje. Chini yake majina ya wanaume yalipangwa kuanzia kushoto kwenda kulia, hata la yule ambaye kilichoonekana kwake ni kofia tu. La mwanamke halikuwepo.

Mastura akamwita bwana mmoja mwenye tai aliyekuwa akisimamia ukumbi.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Yupi?"

"Huyu mwenye baiskeli."

Yule bwana akavaa miwani, akasogea. Ilionekana ndiyo kwanza anamwona. "Huyo alikuwa anapita tu," akasema.

"Anapita huku kasimama?"

"Mama, picha nimeletewa na maelezo yake. Asiyekuwemo kwenye maelezo alikuwa anapita."

Mastura akaomba ruhusa, akaipiga picha ile kwa simu yake, akarudi Makorora bila kusema neno, jambo lililomtia Msafiri wasiwasi. Jioni, wakinywa chai, akamwambia mumewe, "Jina lake Siwatu."

"Nani?"

"Yule mwanamke wa kwenye picha. Siwatu binti Mbaruku. Ndiye mwanamke wa kwanza kupanda baiskeli Ngamiani nzima."

"Umemjulia wapi?"

"Simjui. Ndiyo maana nimempa jina."

Msafiri akatia sukari ya pili kwenye kikombe chake, akaona bora asiulize la tatu.

Basi Mastura akaanza kuandika. Hakuwa na meza bado, lakini alikuwa na simu, na simu ile aliiegemeza kwenye kibweta cha nyuzi. Akishona pindo, anawaza. Akifika mwisho wa pindo, anaandika sentensi mbili. Baada ya siku chache alikuwa na sura nzima, na alipoisoma aliona haya, kisha akaisoma tena akaona si haya, ni raha. Akairekodi kwa sauti yake na kuituma kwenye grupu la simu la akina mama wa mtaa, lililoundwa kwa ajili ya harusi moja ya zamani na halikufungwa tena kwa sababu umbeya ulikuwa bado haujaisha. Pamoja na sauti akaituma ile picha. Sura ilianza hivi:

"Siku Siwatu binti Mbaruku alipopanda baiskeli kwa mara ya kwanza, wanaume wa Barabara ya Tisa waliacha bao. Bao lile halikuachwa hata siku jiko la Mzee Kombo lilipowaka moto. Walisimama, kete mikononi, wakamtazama akipita, na mpaka leo haijulikani mchezo ule ulikuwa wa nani."

Grupu likalipuka. Mmoja alitaka kujua Siwatu ameolewa au bado. Mwingine alisema bibi yake alikuwa akimtaja huyo Siwatu, anamkumbuka vizuri sana. Mastura alicheka peke yake barazani aliposoma hilo. Wote walitaka sura ya pili, na ilipofika waliitaka ya tatu kabla ya chakula cha mchana.

Aliyeleta tatizo ni jirani yake, Consolata. Huyu baba yake alikuja Tanga zamani kukata mkonge, na yeye mwenyewe alikuwa akiuza mkate nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, kapu nyuma kwenye keria. Alikuja na mkate wake, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Dada Mastura, hadithi nzuri. Ila hiyo baiskeli ya kwenye picha ni ya kiume. Ina bomba la katikati. Huyo Siwatu na buibui lake amelivuka vipi?"

Mastura akatoa pini mdomoni. "Amelivuka tu."

"Halivukiki tu. Mimi napanda kila siku na sketi, najua. Weye umewahi kupanda baiskeli?"

Hakuwahi. Katika mji huu ambao hata kuku wanajua kupisha kengele ya baiskeli, Mastura alikuwa amebebwa kwenye keria tangu akiwa msichana, kaka yake akiendesha, kisha Msafiri, na hajawahi hata siku moja kuushika usukani. Akawaza bila kuacha, na mwisho wake akakata shauri kwamba sura ya nne haiandikiki mpaka ajifunze.

Jumapili, Consolata alipotoka kanisani, wakaenda uwanja wa shule, baiskeli ya kiume wameiazima kwa muuza machungwa. Mastura alivaa buibui la zamani la mama yake, maana alitaka kujua mambo kama Siwatu alivyoyajua. Alipojaribu kuinua mguu kulivuka bomba, buibui likakaza, akabaki mguu mmoja hewani kama korongo, huku Consolata ameshika keria na amejifunika uso kwa kitambaa ili asionekane anacheka. Wakailaza baiskeli chini, Mastura akasimama katikati yake, wakaiinua pamoja naye. Hapo akafika juu. Consolata akasukuma, baiskeli ikaenda, Mastura akapiga kelele za furaha, kisha akakumbuka kwamba hakuuliza breki iko wapi.

Alisimamishwa na banda la kuku la mlinzi wa shule. Hakuna kuku aliyeumia. Alirudi nyumbani anachechemea, manyoya kwenye mtandio, na Msafiri aliyekuwa akisikiliza redio akaizima.

"Mke wangu," akasema kwa upole, "kuna mwandishi mwingine yeyote unayemjua anayeandika namna hii?"

"Wengine sijui wanaandikaje," Mastura akajibu. "Lakini nimejua buibui lina kasoro gani."

Siku ile ile akalifumua kuanzia magotini kwenda chini, akatia kipande cha pembetatu kila upande. Ukisimama halionekani limefanywa kitu, ukipanda baiskeli linafunguka kama mwavuli. Akalirudia somo la baiskeli Jumapili iliyofuata, na nyingine, mpaka akaweza kuuzunguka uwanja bila kuwafikia kuku. Sura ya nne ikaeleza jinsi Siwatu alivyolishona buibui lake kwa siri, na ilikuwa nzuri kuliko zote, kwa kuwa kila jambo lililokuwemo lilikwisha kumuuma mwandishi.

Sura ya sita ndiyo iliyovuka mipaka. Humo mume wa Siwatu, Bwana Faraji, mtu mwenye wivu na ndevu chache, aliificha siti ya baiskeli ndani ya gunia la mchele ili mkewe asitoke. Siwatu akaipanda baiskeli vivyo hivyo bila siti, amesimama juu ya pedeli, mpaka kwa kadhi, na akarudi si mke wa mtu. Wanawake wa grupu walituma vigelegele. Waume zao, ambao walikuwa wakisikiliza kwenye simu za wake zao na kujifanya hawasikilizi, walisema mwandishi amezidi. Sauti ile na picha yake vikatumwa Muheza, vikatumwa Pangani, vikavuka hadi Mombasa kwa mashemeji.

Ndipo siku moja asubuhi pikapu iliyojaa nazi ikasimama mbele ya baraza, akashuka mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limefungwa vifungo vyote. Akatoa salamu, akakaribishwa kiti, akakataa chai, akaletewa, akainywa.

"Miye naitwa Sele," akasema. "Natoka Bweni, ng'ambo ya Pangani. Nimekuja kwa heshima, mama. Umemwachanisha bibi yangu na babu yangu."

Mastura akasita, kitambaa mkononi. "Bibi yako yupi, mwanangu?"

Sele akatoa simu. Kwenye kioo ilikuwemo ile picha, na kidole chake kilikuwa juu ya yule anayecheka. "Huyu. Bi Semeni binti Uweso. Si Siwatu, na wala hakutoroka na baiskeli. Amekaa na babu mpaka babu alipofariki, Mungu amrehemu. Na babu yangu hakuwahi kuficha siti ya mtu. Sasa sokoni wananiita mjukuu wa Faraji."

Pini zilimdondoka Mastura mdomoni moja moja. "Yu hai?"

"Yu hai, na anakula kunishinda."

Mastura alipaswa kufurahi, na kwa sehemu kubwa alifurahi. Lakini aliona haya kugundua kwamba pembe moja ya moyo wake haikupenda. Siwatu alikuwa wake. Alimpa jina, akamshonea buibui, akaanguka naye juu ya banda la kuku. Sasa amekuja mtu na nazi zake kusema Siwatu ana mwenyewe.

"Yeye mwenyewe ameisikia hadithi?" akauliza.

"Nani atathubutu kumsikilizisha?"

"Basi nipeleke. Nikamwombe radhi mwenyewe, na kama nimekosea atanirekebisha."

Sele hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Alikuja na hotuba ya kugombana, na nusu yake ilikuwa haijatumika. Akakubali. Msafiri aliposikia mkewe anapelekwa Bweni kushitakiwa, akavaa kofia yake bila kuambiwa, na kwa kuwa mbele palijaa mizigo ya Sele, akakaa nyuma juu ya nazi, njia nzima, mpaka wakavuka kivuko. Ilikuwa safari yake ndefu kuliko zote tangu astaafu, na alishuka akitembea kama mtu aliyekaliwa na nazi badala ya kuzikalia yeye.

Bi Semeni walimkuta uani, kwenye kitanda cha kamba, ungo mapajani, anachambua mchele. Alikuwa mwembamba kama ufito, na macho yake yalikuwa mepesi.

"Shikamoo, bibi," Mastura akasema, akaweka kando doti ya kanga aliyomletea.

"Marahaba. Sele, huyu ni nani na mumewe mbona anachechemea?"

"Ni mwandishi wa Tanga, bibi," Sele akasema. "Ndiye aliyekuzulia."

"Kanizulia nini?"

Mastura akaona bora kuanza na picha. Akaifungua kwenye simu na kumpa. Bi Semeni akaweka ungo chini, akaisogeza simu karibu na pua, akaiangalia muda mrefu. Sele alikuwa akisugua viatu chini.

"Huyu miye," akasema mwishowe. "Buibui lile lilikuwa jipya. Alininunulia shangazi."

"Na baiskeli ilikuwa yako, bibi?"

"Baiskeli gani?"

"Hii uliyoishika."

"A, hii." Akaiangalia tena, kama mtu aliyeonyeshwa jiwe njiani. "Hii ya bwana mmoja, simjui. Alikuwa anakwenda kujisaidia. Akaniambia, we binti, nishikie. Nikaishika. Mara wale wazee wakajipanga wapigwe picha, na miye hakuna aliyeniambia niondoke."

Msafiri akaanza kukohoa. Mastura hakumtazama. "Kwa hiyo hukuwa ukiendesha?"

"Kuendesha nini?"

"Baiskeli, bibi. Maishani mwako."

"Mjukuu wangu," Bi Semeni akasema, "miye hata punda sijampanda."

Mastura akahisi sura zote kumi na moja alizokwisha kuzituma zinamporomoka miguuni: wale wanaume wa bao, buibui la pembetatu, siti ndani ya mchele. Sele alikaa wima, amependeza kwa ushindi. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Mastura hakuweza kuliacha, kwa sababu lilimkera tangu siku ya mapazia.

"Bibi, sasa ulikuwa unacheka nini?"

Bi Semeni akamrudishia simu, akauchukua ungo wake, akauyumbisha kidogo mpaka pumba zikakusanyika upande mmoja.

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwa kadhi," akasema. "Nimeachika asubuhi ile."

"Bibi," Sele akasema.

"Bibi nini? Hujui? Basi leo ujue. Babu yako alikuwa wa pili. Wa kwanza niliozwa bado mdogo, kwa mtu wa Mwera mwenye minazi mingi. Hakunipiga, sitamsingizia. Lakini kila akitoka hufunga mlango kwa nje, na ufunguo hutia mfukoni. Akienda shamba, kafunga. Akienda kuswali, kafunga. Nikamwambia, miye si mbuzi. Akacheka. Nikakaa naye hivyo mpaka nikachoka, nikamtuma mtoto wa jirani, kupitia dirishani, amwite shangazi yangu. Shangazi alikuwa mwanamke mfupi, mbaya sana akikasirika. Alikuja, akasimama mlangoni mpaka yule bwana aliporudi, akamwambia, fungua. Akafungua. Tukaondoka miye na shangazi mpaka Tanga kwa kadhi, na nilidai talaka yangu nikapewa."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Shangazi akaingia duka la Mhindi kuniangalizia viatu. Miye nikasimama njiani. Mji mzima hakuna anijuaye. Hakuna wa kuniuliza nakwenda wapi, narudi saa ngapi, nani kanifungulia. Ndipo yule bwana akaniambia nimshikie baiskeli. Siku ile, mwanangu, ningeshika hata tembo."

Mastura aligundua kwamba macho yamemlowa, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Hata Sele alikuwa amefungua kifungo kimoja cha shati.

"Na yule mwenye baiskeli?" Msafiri akauliza, maana ndiye pekee aliyekuwa bado anaifikiria.

"Alirudi, akaichukua, akaenda zake. Hata ahsante hakusema."

Baada ya hapo Bi Semeni akataka kusikia alichozuliwa. Sele akajaribu kusema simu haina chaji. Mastura akaiweka juu ya kitanda, na sauti yake mwenyewe ikaanza kusimulia uani habari za Siwatu binti Mbaruku. Kuisikiliza hadithi yake mbele ya mtu yule kulimpa joto kuliko uwanja wa shule. Bi Semeni alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono imesahau mchele. Wanaume wa bao walimchekesha. Kwenye buibui la pembetatu alilishika buibui lake mwenyewe na kulipima kwa vidole, akaitikia kwa kichwa. Bwana Faraji alipoificha siti kwenye mchele, aliomba simu isimamishwe.

"Hapo umekosea," akasema. "Mchele ungempa kazi ya kuuokota. Mwanamume akificha kitu hatafuti kazi. Angetia chini ya kitanda."

"Nitarekebisha," Mastura akasema.

Siwatu aliposimama juu ya pedeli na kuelekea kwa kadhi bila siti, Bi Semeni alicheka mpaka Sele akakimbilia maji. Alikuwa na meno machache sasa, lakini ni kicheko kile kile cha kwenye picha. Mastura akamtazama akasahau kwamba amekuja kuomba radhi.

Sura zilizokuwepo zilipokwisha, Mastura akasema, "Bibi, sikujua. Nitaiandika upya kama ulivyonieleza. Nitasema uliishika tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo kweli."

"Kweli yangu ninayo miye, wala haijapotea. Huyo wako mwache aendeshe."

"Na babu je?" Sele akauliza, sauti imeshuka. "Watu wanasema Faraji ni babu."

Bi Semeni akamtazama mjukuu wake kwa huruma kubwa. "Babu yako alikuwa mtu mwema sana, Sele. Hawezi kuwa Faraji. Babu yako hakuwa na akili ya kuficha kitu. Hata zawadi ya Idi alikuwa ananionyesha siku tatu kabla."

Wakala wali na samaki wa nazi, na Sele aliwarudisha Makorora, safari hii Msafiri mbele na Mastura katikati, na walipofika Kigombe, katikati ya njia, Sele akapunguza mwendo. Alisema, "Sikuwahi kujua alifungiwa." Mastura akamjibu kwamba yeye pia alikuwa hajui, na kwamba alikaa na kicheko kile simuni miezi mizima akidhani ni cha baiskeli.

Siku zilizofuata Mastura alimpigia simu yule bwana mwenye tai na kumpa jina la Bi Semeni binti Uweso. Bwana akauliza linaandikwaje, akaliandika, na picha ilipopelekwa kuonyeshwa Moshi, jina lilikuwa limebandikwa chini pamoja na mengine. Hadithi ya Siwatu nayo ilifika mwisho, ikachapwa kwa mashine na kubanwa kitabu kwenye duka moja la vifaa vya shule, jalada la manjano. Ndani yake Siwatu anaendesha, kama Bi Semeni alivyotaka. Lakini Mastura aliongeza sura moja ambayo haikuwahi kutumwa kwenye grupu, habari ya mwanamke mfupi anayesimama mlangoni na kusema, fungua. Wanawake wengi walimwambia hiyo ndiyo waliyoirudia. Aliyevisambaza vitabu ni Sele, juu ya nazi, na sokoni sasa alijitambulisha mwenyewe, kabla hajaulizwa, kuwa ni mjukuu wa mwenye kicheko.

Kilichobaki ni simu. Kila Ijumaa, watu wakitoka kuswali, simu ya Mastura hulia, na ni Bi Semeni kutoka Bweni, sauti juu kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Hataki habari za afya. Amesikia Mastura anaandika kitabu cha pili, na ana maagizo. Siwatu apunguzwe kupika. Siwatu apewe viatu vyeupe. Wiki iliyopita Mastura alikuwa katikati ya shela la bibi harusi wa kesho yake, simu ameibana kwa shingo na bega.

"Nimewaza," Bi Semeni akasema. "Mwoze tena."

"Kwa nani, bibi?"

"Kuna mtu alikuwa akiuza marashi pale soko la Ngamiani. Mpemba. Alikuwa na kanzu safi. Nilimwona mara moja tu, nipo na babu yake Sele, tunanunua vitunguu."

"Jina lake nani?"

"Sikumwuliza, na ningemwulizaje? Weye mtafutie jina zuri. Lisiwe refu."

Mastura akaweka mkasi chini, akalisogeza shela pembeni, akalivuta karibu daftari la vipimo ili aandike.

"Alikuwa mrefu?"

Kule Bweni ungo ukasikika ukiwekwa chini.

"Wa wastani," Bi Semeni akasema. "Mfanye mrefu."